Jani Likiwa kwenye Brashi

Karakana ile ilikuwa na sheria moja tu, na aliyeitunga ni mwenye karakana, mama mkwe wa nyumba hiyo: jani la dhahabu likishapanda kwenye brashi, hakuna kusema, hakuna kukohoa, na ukiweza usipumue kabisa. Mtaa mzima ulimwita Msipumue, nyuma ya mgongo wake bila shaka, maana nani alikuwa na ubavu wa kumwita hivyo mbele ya macho yake? Mle ndani wote walimwita Mama.

Tumpe haki yake, sheria haikuwa ya kipuuzi. Jani la dhahabu ni jembamba mno. Ukiligusa kwa kidole linapotelea kidoleni, ukilipigia chafya utalitafuta kwenye nywele zako. Ndiyo maana chumba cha kupakia kilikuwa nyuma kabisa, madirisha yamefungwa, feni hakuna, mwanga unaingia kwa bati moja la plastiki juu ya paa, na joto lake lingeweza kuumua unga. Aliyepeperusha jani alionyeshwa mlango. Marehemu mumewe alikohoa siku moja, akatolewa. Mwanawe wa pekee, enzi za ujana wake, alishikwa na kicheko, akatolewa, na hajarudishwa mpaka leo. Ndivyo alivyogeuka mchongaji. Alikaa chumba cha mbele na patasi zake na vumbi lake, na kusema kweli alikuwa anashukuru.

Mke wa huyo mchongaji walimwita Gundi. Jina lake alikuwa nalo, zuri tu, kapewa na wazazi wake. Lakini kila asubuhi yeye ndiye aliyechemsha ile gundi ya ngozi inayochanganywa na chokaa na kupakwa juu ya mti kabla ya dhahabu, na gundi hiyo inanuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Siku moja Mama aliuliza, "Huyo Gundi yuko wapi?" na jina likashika. Lingekuwa la Mama peke yake, mwanamke wa watu angelimeza. Lakini mtoto wake wa kumzaa, kabinti ambako hakajafika hata umri wa kwenda shule, nako kalimwita Gundi. Na bibi yake kalimwita Mama.

Hapo ndipo palipouma. Alipojifungua, Gundi aliugua ugonjwa ambao hakuna aliyeupa jina. Homa hana, kidonda hana, lakini alilala kaukabili ukuta, chakula hataki, mtoto hamtaki, akisemeshwa ni machozi. Mama akambeba mtoto. "Kwa muda tu," alisema, "mpaka upate nguvu." Nguvu zilirudi. Mtoto hakurudi. Alilala chumbani kwa Mama, alikula sahani moja na Mama, akianguka alimkimbilia Mama. Gundi akitaka kumwogesha anaambiwa maji yako ya baridi. Akitaka kumsuka anaambiwa unamvuta. Akifungua kinywa kudai, anakatwa kauli kwa neno lile lile: "Usinijibu." Na mumewe? Ah, yule! "Mama ni mtu mzima, mvumilie," huku anapuliza vumbi kwenye patasi isiyo na vumbi.

Kazi iliyokuwa mezani siku hizo ilikuwa kioo cha kale, kirefu kuliko mlango, mali ya bwana mmoja aliyerithi kila kitu kwa wazee wake isipokuwa akili ya kukitunza. Fremu yake ilichongwa majani na maua pande zote, na juu kabisa akakaa ndege, mbawa wazi, kila nyoya limekatwa mbali na mwenzake. Kuna mtu huko nyuma aliona dhahabu imefifia, akachukua rangi ya kopo akaipaka yote, ndege na macho yake. Mchwa nao wakala ubavu mmoja. Mchongaji alichonga ubavu mpya, na hapo lazima asifiwe, usingejua mkono wa zamani umeishia wapi na wake umeanzia wapi. Gundi aliivua ile rangi ya kopo kidogo kidogo kwa pamba na kijiti, akapaka chokaa, akaisugua ikawa laini, kisha akapaka udongo mwekundu ambao dhahabu hulala juu yake. Kioo chenyewe, kimejaa madoa meusi ya uzee, kilitolewa kwenye fremu kikaegemezwa ukutani. Ikabaki dhahabu. Dhahabu alipaka Mama peke yake.

Au tuseme alipaka yeye, na Gundi akalowesha. Mambo yalikwenda hivi. Gundi alichovya brashi ndogo kwenye maji yaliyotiwa gundi kidogo na spiriti, akalowesha kipande cha ule udongo mwekundu. Papo hapo Mama alileta jani. Alilikata kwenye mto wa ngozi, akapitisha brashi pana shavuni kwake ipate mafuta kidogo, akaligusa, jani likapanda, akalishusha kwenye umajimaji nalo likavutwa lenyewe. Ukichelewa, pale palipoloweshwa panakauka na kuacha doa, na doa hilo halina dawa ila kukwangua na kurudi mwanzo. Kwa hiyo aliyelowesha amemfunga mwenzake. Mwenzake hawezi kuondoka, na jani likiwa kwenye brashi hawezi kusema.

Miaka yote hiyo Gundi alilowesha bila hilo kumpitia akilini.

Sasa asubuhi ile mtoto alijichoma kidole kwa kibanzi cha mti, pale chumba cha mbele. Gundi ndiye aliyekuwa karibu. Alipiga magoti, akanyoosha mikono. Mtoto akampita, akampita kama kiti, akaenda kulilia mapajani kwa bibi yake. Mama akakitoa kibanzi, akafunga kidole kwa kitambaa, akamtazama Gundi juu ya kile kichwa kidogo. Hakufoka. Alisema kwa upole kabisa, "Nenda kapashe gundi, itaganda."

Heri angetukana. Gundi alipasha gundi, akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango kwa hasira. Mama alishakaa mbele ya yule ndege. Gundi akalowesha shingo ya ndege. Mama akapandisha jani.

"Leo mtoto atalala kwangu," Gundi alisema.

Mkono wa Mama ulisimama hewani. Jani lilitikisika ukingoni, na kwa macho peke yake Mama alimtupia Gundi maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alibana pumzi, akalishusha jani mahali pake, ndipo akageuka.

"Una wazimu? Unafungua domo jani likiwa kwenye—"

"Nimeshalowesha, Mama."

Kweli alikuwa ameshalowesha, kipande kikubwa kama kiganja kizima, kwenye mzizi wa bawa. Maji yalikuwa yanaanza kupoteza mng'ao. Mama alikitazama kile kipande, akamtazama Gundi, akachukua jani jingine.

"Mtoto hakuzuka na jina la Gundi mwenyewe," Gundi aliendelea, sauti ya kawaida kama mtu anayeagiza chumvi. "Wewe ndiye uliyemfundisha. Mpelekee Gundi sahani. Mwambie Gundi aje. Ulijua unafanya nini."

Jani likakaa. "Kila mtu humu anakuita Gundi! Nimzibe mtoto mdomo?"

"Nimeshalowesha."

Jasho lilikuwa linamshuka Mama kwenye nyusi. Kujifuta hawezi, mkono wa kulia una brashi, wa kushoto umeshika mto wa ngozi. Gundi alikuwa hajawahi kumwona mwanamke yule akikosa la kusema, na nikuambie, kulikuwa kutamu. Kutamu kwa namna ya kutisha. Alijua anakosea na hakutaka kuacha.

"Sokoni yule muuza vitunguu aliuliza, mtoto wa nani huyu, mzuri hivi? Ukasema wangu. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na kikapu kichwani. Ukasema wangu, ukachagua vitunguu."

Jani likakaa. Mama akatazama bawa. Alijua kipande kingine kimeshalowa. Akapitisha brashi shavuni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akapandisha.

"Una mtoto mmoja," Gundi alisema, "ukamfukuza chumba hiki kwa sababu alicheka. Alitoka, Mama. Alitoka moja kwa moja. Yuko pale mbele, lakini ulishawahi kumwona akija kukaa na wewe bila kuitwa? Anakuogopa. Wa kwako alikushinda, basi ukaona uanze upya na wa kwangu."

"Mwongo!"

Neno lilitoka na pumzi yote aliyokuwa ameibana. Jani likaruka. Lilipanda juu taratibu, likajikunja, likageuka kwenye ule mwanga wa bati la plastiki, likashuka likamnasa Mama mwenyewe, nusu puani nusu shavuni. Kwenye bawa la ndege maji yakakauka, pakabaki doa.

Kule mbele nyundo ya mbao ilikuwa inagonga patasi, ko, ko, ko, baba wa watu hana habari.

"Mama," Gundi alisema, "mlango ule pale."

"Wewe!" Mama alisimama. "Wewe unionyeshe mimi mlango? Mimi ndiye niliyeweka sheria hii kabla mama yako hajafikiria kukuzaa."

"Au ilikuwa ya marehemu baba peke yake?"

Hilo lilimpata. Lilimpata pabaya, maana marehemu alitolewa kwa kikohozi, na kila mtu mle ndani alijua kikohozi kile kiliishia wapi. Mama aliutazama mlango. Kisha akamsukumizia Gundi ile brashi pana mkononi, akamnyang'anya ndogo.

"Sitoki chumbani kwangu. Lakini haya, shika. Si umekuwa fundi? Kaa hapo. Nitalowesha mimi."

Gundi alikuwa hajawahi kupaka ndege. Aliruhusiwa kuziba matundu yaliyoachwa na dhahabu tu, huko chini kusikotazamwa. Alikaa kwenye kigoda kilichokuwa bado na joto la Mama, akakwangua lile doa, akalipaka udongo upya, akasubiri likauke. Walisubiri bila kutazamana. Kisha akapitisha brashi shavuni kama alivyoona ikipitishwa miaka yote, na jani likapanda.

Mama akalowesha. Akalowesha kipande kikubwa kuliko vyote.

"Alipozaliwa, ulimsikia akilia?" aliuliza.

Gundi alibana pumzi.

"Nakuuliza, ulimsikia? Alilia mpaka sauti ikamkauka. Nilikuja nikakukuta upo naye kitanda kimoja, macho makavu, unaangalia ukuta. Ungekuwa umelala ningesema usingizi. Hukulala."

Jani likakaa. Gundi akageuka. "Nilikuwa na—"

"Nimeshalowesha," Mama alisema.

Kwenye kile kioo kilichoegemezwa ukutani, kati ya madoa meusi, Gundi aliuona uso wa mama mkwe wake nyuma ya bega lake, na kipande cha dhahabu bado kimemnasa puani. Hakikuchekesha tena.

"Nilimweka kifuani kwako ukamsogeza kama nguo chafu. Mwanangu yuko jikoni analia, mwanamume mzima, ananiuliza Mama tufanye nini. Nikambeba mimi, na mgongo wangu huu. Kila akiamka ni mimi. Akiharisha ni mimi. Meno yake yameota kwenye kidole changu hiki, kiangalie, au hutaki kukiangalia?"

Jani likakaa. Lilikaa vibaya kidogo, Gundi akalirekebisha kwa pamba. Akachukua jingine bila kuambiwa.

Mama aliinama karibu na sikio lake. "Na kuna siku nilikuletea. Unaikumbuka, usijitie hamnazo. Nilikuletea kwa moyo mmoja, nikasema mama mtu, mtoto wako huyu. Ukasema mchukueni. Ukasema simtaki, mchukueni. Mimi sikuiba. Mimi nilipewa."

Gundi alikuwa anaikumbuka. Aliikumbuka mchana na usiku, na katika miaka yote ya kudai mtoto wake hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba anaikumbuka. Jani lilikuwa linacheza kwenye ncha ya brashi. Alijikaza kisabuni, akausogeza mkono, akalishusha jani juu ya nyoya la mwisho la bawa, likavutwa likatulia bila mkunjo hata mmoja.

Ndipo akavuta pumzi.

"Ni kweli," alisema.

Mama alikuwa amejiandaa kwa kelele. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

"Nilisema simtaki. Niligeukia ukuta. Nilikuwa naumwa, na ulijua naumwa, maana nilikusikia ukimwambia mwanao huyu anaumwa, tumwangalie. Halafu watu walipokuja ukawaambia mvivu. Sasa nimepona. Nimepona siku nyingi. Nipe mwanangu."

"Nikikataa?"

"Ukikataa, nitasema tena kesho. Na keshokutwa. Kila ukipandisha jani, nitasema. Au sitaingia kabisa, uloweshewe na nani? Macho yako hayaoni tena panapokauka, Mama. Mimi ndiye ninayeziba nyuma yako, na wewe unajua."

Mama aliguna. Aliinua kitambaa, akajifuta uso, dhahabu ikasambaa shavuni badala ya kutoka. Alimtazama yule ndege muda mrefu, nyoya kwa nyoya, akitafuta kosa. Hakulipata, na hakusema kwamba hakulipata.

"Mchukue," alisema. "Si unamtaka? Nenda kamchukue, na ulale naye. Tuone kama atakaa."

Alilisema kama mtu anayefungua mlango wa banda akijua kuku wake hatatoka. Gundi alijua hivyo. Alikwenda hivyo hivyo.

Mtoto alikuwa chumba cha mbele anacheza na vinyoleo vya mbao miguuni kwa baba yake. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Gundi alipomnyanyua, mtoto alicheka kwanza, akadhani mchezo. Alipoona wamekipita chumba cha bibi yake, kicheko kikakatika. Walipofika mlango wa chumba cha Gundi na mumewe alipiga ukelele hata nyundo ya baba yake ikasimama.

"Jamani," mchongaji alisema, kasimama na patasi mkononi. "Jamani, mnafanya nini? Mtoto analia!"

"Kaa chini!" wanawake wote wawili walisema kwa pamoja, mmoja mbele yake na mmoja nyuma. Akakaa.

Gundi aliingia, akafunga komeo. Mtoto alimpiga mateke, akamuuma mkono, akamvuta kitambaa kichwani. "Mamaaa! Mamaaa!" Aliita akiutazama mlango. "Mama ni mimi," Gundi alimwambia. "Wewe Gundi!" mtoto alilia. "Wewe Gundi, nataka Mama!" Gundi alimpa maji, akayamwaga. Alimwimbia, akaziba masikio. Alimpakata, akajikunja kama upinde. Nje kilisikika kigoda kikiburutwa, kikawekwa mbele ya mlango, na mtu mzito akakikalia. Mama alikuwa anasubiri kuitwa.

Hakuitwa. Chumba kikaanza kuwa na giza, na mtoto bado analia, sauti imeanza kukwaruza, kila kilio kinaishia na kikohozi. Gundi alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Maneno ya Mama yalikuwa yanamzunguka kichwani, alilia mpaka sauti ikamkauka, na sasa alikuwa anaisikia mwenyewe sauti hiyo ikikauka. Aliinuka na mtoto begani, akasimama mbele ya mlango. Akaweka mkono kwenye komeo.

"Mgongo!" Sauti ya nje ilipasuka kwa ghadhabu. "Mkune mgongo, mjinga wewe! Chini ya bega la kushoto! Unataka nini, afe?"

Gundi aliondoa mkono kwenye komeo. Kwa ukaidi tu, na aibu yake hiyo aliibeba mwenyewe, alimwacha mtoto alie tena kidogo, ili isionekane ametii. Kisha akarudi kitandani, akakaa, akaingiza mkono chini ya kigauni, chini ya bega la kushoto, akaanza kukuna.

Mtoto alikakamaa. Akavuta kwikwi, moja, nyingine. Kichwa kikashuka begani kwa mama yake, kizito, cha moto, kimelowa jasho na machozi. Vidole vidogo vikashika kola ya gauni lake, na pumzi ikawa ndefu. Ilikuwa mara ya kwanza mtoto yule kulala mikononi mwake. Gundi alikuna huku machozi yanamwagika, kwa furaha na kwa uchungu, maana hata hilo ilibidi aambiwe, na aambiwe na nani.

Nje kimya kile kilisikika. Kigoda cha Mama kikalia, kama anainuka, halafu hakuinuka.

"Usiache ghafla," alisema kupitia mlango, chini chini, sauti kavu. "Ukiacha ghafla anaamka."

Gundi hakusema asante. Aliendelea kukuna.